Misumari Ndani ya Mjozi

Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipotia mafuta kwenye msumeno wa mnyororo. Nilitaka kupasua gogo moja tu, niyeyushe nta, nipake ncha zake, nikalale. Kazi ya saa mbili. Mjozi, mti ninaokerezea mabakuli, ukishakatwa hausubiri mtu: ncha zikikauka haraka hupasuka, na ufa ukishaingia, bakuli limekwenda.

Gogo lenyewe aliniletea shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kwenye trela la trekta. Walikuwa wanapanua barabara nyuma ya zahanati iliyofungwa zamani. Mjozi mkubwa wa pale ukaangushwa, na kila mtu akatoka na shoka lake akitaka kuni.

"Shemeji, nimewapokonya mdomoni," alisema akicheka. "Ukikereza bakuli zuri unikumbuke."

Nilimwambia asante. Nilikumbuka pia kutabasamu.

Niseme mapema: siku zile sikuwa nahisi kitu. Mume wangu alikuwa amefariki miezi saba nyuma, alianguka kutoka kwenye paa la ghala, na sikudondosha hata chozi. Majirani walisema nina moyo wa jiwe. Jiwe lina nafuu, maana mchana hupata joto. Nilikula kwa sababu chakula kipo, nikakereza kwa sababu mikono inajua njia. Binti yetu wa miaka tisa naye alitulia kabisa, na watu wakamsifu kuwa ana akili ya mtu mzima. Nikaitikia.

Nilikata gogo vipande vitatu, urefu wa kila kimoja ukilingana na upana wake. Nilipogeuza kipande cha kwanza nikaona doa.

Bluu. Bluu inayokaribia nyeusi, imeingia kwenye mbao ya kahawia kama wino uliomwagika.

Kila mkereza anaijua alama hiyo. Mjozi ukimeza chuma, hubadilika rangi. Nikazima msumeno, nikachukua nyundo na patasi, nikalifuata doa mpaka ndani. Msumari wa kizamani, wa pembe nne, umeliwa na kutu. Ulikuwa umezungushiwa nywele.

Nikaubana kwa koleo. Nikavuta.

Mtoto akalia.

Si barabarani, wala si nyumbani kwangu. Ndani ya mbao, usawa wa magoti yangu… kilio cha mtoto mwenye homa, kikapanda, kikakatika. Ikafuata harufu ya dawa ya kusafishia vidonda. Nilijua kwamba hapo napaswa kukimbia. Nilijua tu, kama mtu anavyojua kwamba kesho ni Jumanne. Nikautupa msumari kwenye kopo na kutafuta doa lingine, kwa sababu msumari mmoja ukisahaulika utakuvunjia meno ya msumeno.

Wa pili ulitoa mguno wa mwanamume. Wa tatu ulitoa harufu ya maziwa yaliyochacha, basi. Wa nne ulikuwa na nywele fupi, ngumu. Nilipouchomoa, gogo lilinyamaza…

Sauti ikatoka barabarani.

Ng'ambo ya barabara alikuwa akiishi fundi cherehani tuliyemwita Mzee Bashasha. Miaka thelathini nyuma alizika watoto wawili katika wiki moja, na wanasema alirudi kutoka makaburini akiwatania wachimba kaburi. Hakuna aliyewahi kumwona amenuna. Sasa alikuwa amesimama katikati ya barabara, futi kamba ingali shingoni, akiita majina mawili. Aliyaita kama baba anayewaita watoto waliochelewa kuja kula. Kisha akakaa chini palepale, akaanza kulia, na majirani waliotoka kumshika hawakuweza kumnyanyua.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Alimtazama mzee. Akatazama gogo, halafu kopo.

"Gogo hili limetoka wapi?" alinong'ona.

"Nyuma ya zahanati."

"Waliniambia barabara itapita mbali na ule mti."

"Barabara haina adabu, mama."

Hakucheka. "Umetoa mingapi?"

"Minne."

Akavuta kigoda, akakaa. Aliniambia kwa vipande vipande, jicho likiwa barabarani. Watu walipeleka kwenye mti ule maumivu ambayo zahanati iliyashindwa. Nywele, msumari, na maneno machache. Nani alianza, hajui. Yeye alionyeshwa na mama yake.

"Mti unakubebea," alisema. "Lakini hautupi kitu. Unatunza. Na kadiri unavyokua, na chenyewe kinakua."

Niliwasha taa, nikageuza kipande cha tatu. Karibu na gome palikuwa na madoa mawili machanga, kila moja dogo kama kucha. Nikabandua gome. Msumari wa kwanza ulikuwa wa inchi nne, mpya, na nywele zake zilikuwa ndefu, zenye mvi moja moja.

"Huu ni wangu," nilisema.

"Siku ya tatu ya msiba nilikukuta umekaa ukingoni mwa kisima, miguu ikining'inia ndani." Sauti yake ilikuwa karibu haisikiki. "Nilikuwa nimetoka kumzika mwanangu. Nina mjukuu wa kulea. Nikachukua nywele kwenye kitana chako. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Na huu wa pili?"

Akainama kwenye taa.

"Huu sikuupiga mimi."

Nilimwamini, kwa sababu niliutambua. Msumari mwembamba usio na kichwa. Mtaa mzima hakuna anayeutumia isipokuwa mimi, kushikizia vipande vidogo visihame. Nywele zake zilikuwa laini, na zimefungwa kwa fundo ninalolijua, fundo ninalomfunga binti yangu mwisho wa msuko.

Siku zilizofuata ile ya tatu sizikumbuki vizuri. Nakumbuka matope ya kule zahanati kwenye viatu vya mama mkwe. Nakumbuka mtoto akimlilia baba yake usiku na mchana, na mimi nimekaa naye kitanda kimoja, sihisi kitu. Kwa mtu asiyehisi kitu, kilio cha mtoto ni kelele tu.

Lazima nilifuata nyayo zile za matope mpaka kwenye mti, nikatafuta namna ya kuizima.

Hapo napo sikuumia. Nilipiga hesabu ya kazi, kwa sauti. Mbao iliyokatwa itakauka. Ikikauka hunywea, ikinywea hupasuka, na chuma hudondoka chenyewe. Misumari ile itatoka tu, nipende nisipende. Mzee alikaa na wake miaka thelathini. Yetu ilikuwa na miezi saba. Afadhali ichomolewe sasa, ingali midogo.

Mama mkwe hakubisha. Alinishika kifundo cha mkono.

"Anza na wa mtoto," alisema. "Ukianza na wako, mkono utakuangusha."

Lakini mama huonja dawa kwanza, ndipo ampe mtoto. Nimefanya hivyo tangu alipozaliwa. Nikaweka koleo kwenye wangu.

Nikavuta.

Kwanza ilikuja hofu, yote kwa mpigo. Kilio kile cha ndani ya mbao… nywele… minne niliyoichomoa kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nikalitupa koleo. Halafu akaja mume wangu. Shati lake, kikohozi chake cha asubuhi, namna alivyoniaga siku ile nami sikuinua kichwa kwenye mashine ya kukerezea. Nilianguka kwenye maranda na kulia mpaka mdomo ukawa na ladha ya damu. Mama mkwe alinishika kichwa, naye akilia, akiniambia pole, pole mwanangu, pole. Nilitaka kile kisima. Namwambia Mungu ukweli, nilikitaka.

Nilipoweza kukaa, nililiokota koleo na kulisogeza kwenye kile kimsumari chembamba.

Mkono haukwenda.

Nilikuwa najua sasa kinachokuja. Na yeye ana miaka tisa.

Mzee Bashasha alizikwa kabla wiki haijaisha. Kipande cha tatu kiko kwenye rafu ya karakana, na kila asubuhi nakipaka nta mpya, pande zote, kabla sijanawa uso. Nta haizuii mbao kukauka. Inachelewesha tu, na hakuna mkereza asiyejua hilo. Wiki iliyopita ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Leo kucha yangu inaingia.

Mama mkwe hunitazama. Kila siku nalishika koleo, kila siku nalirudisha.

Jana tulikuwa mezani. Nje kulikuwa kukavu, mwezi mzima haijanyesha. Binti yangu aliacha kutafuna, akagusa shavu lake, akakitazama kidole kilicholowa. Akainua macho kwenye dari, kisha akanigeukia na kuuliza kwa utulivu wake uleule:

"Mama, paa linavuja?"