Nafasi ya Mwaka 1967

Kila siku baada ya shule, Nasro alisugua sufuria za mama yake mara mbili. Mara ya kwanza alizipitishia maji na jivu kidogo, akamaliza upesi. Mara ya pili ni pale mama yake alipozikagua na kumrudishia. Mama Nafisa aliuza mahamri na viazi karai karibu na msikiti mjini Kitale, na hakutaka kuona doa hata moja kwenye vyombo vyake vya biashara.

"Una haraka ya kwenda wapi, mwanangu?" aliuliza. "Hata chai unainywa umesimama!"

Kwa kweli msichana huyo hakujua kutulia. Lakini Ijumaa hiyo haraka yake ilikuwa na sababu. Kesho yake, yeye na Khisa, mwanafunzi mwenzake wa Gredi ya Saba, wangepeleka mkusanyo wao wa sarafu kwenye maonyesho ya vilabu vya shule mjini Bungoma.

Zilikuwa sarafu za kawaida, zilizopita mikononi mwa watu wengi na kuchakaa. Mwanzoni waliziweka zote kwenye kopo moja, hadi Khisa aliposema wazipange kwa seti kwenye kadibodi yenye mashimo. Seti ya kwanza haikuwasumbua: twiga wa shilingi moja, kifaru wa shilingi tano, simba wa shilingi kumi na ndovu wa shilingi ishirini. Ya pili ilikuwa ya senti za zamani zenye tundu katikati. Ya tatu ndiyo iliyomkosesha Nasro raha. Ilikuwa ya shilingi za kwanza za Kenya, za mwaka 1966, 1967 na 1968. Walikuwa na ya 1966 na ya 1968. Katikati ya kadibodi palibaki shimo tupu, na kila alipolitazama alikereka kana kwamba ni jino lake lililong'oka.

Wiki hiyo Khisa alikuja na shilingi kutoka kwa nyanya yake wa Kiminini, ambaye yeye alimwita kukhu. Ilikuwa pesa ya kwanza ambayo kukhu alilipwa kwa kuchuma kahawa akiwa msichana, naye hakuwahi kuitumia. Ilikuwa imelika sana. Moja, tisa na sita zilisomeka. Tarakimu ya mwisho ilikuwa kivuli tu.

"Usiiguse," Khisa alimwambia Nasro alipomkabidhi kadibodi na shilingi hiyo aende navyo nyumbani. "Mwalimu Lenah ataleta lenzi kesho. Tutaiangalia polepole."

"Ati kesho! Na lebo tutaandika saa ngapi?"

"Si tutaandika huko huko, bana."

Nasro aliitikia, lakini moyo haukukubali. Alipomaliza sufuria, jivu lilikuwa bado karibu, na nusu ya ndimu, na waya wa kusugulia. Alijiambia atasugua kidogo tu ili tarakimu ile ijitokeze. Akasugua. Shilingi ikaanza kung'aa, akafurahi, akaongeza nguvu. Alipoisuuza na kuigeuza kwenye mwanga, kivuli kile hakikuwapo tena. Pale palikuwa laini kabisa.

Aliigeuza mara kumi, akaipuliza, akaifuta kwa kanga ya mama yake. Hapakuwa na kitu. Ndipo akachukua kalamu, akaandika kwenye lebo: 1967. Akaipachika sarafu shimoni. Nani angejua?

Asubuhi, kwenye basi la shule, hakukaa kitini dakika tano. Alifungua dirisha, akalifunga, akafunga upya kamba za viatu.

"Kumbe ilisomeka!" Khisa alisema kwa furaha. "Nimemwomba mwalimu ampigie kukhu simu. Amefurahi sana! Anasema atawaambia hata wenzake kanisani."

Nasro alitazama nje. Kiminini ilipita, naye hakuona hata duka moja.

Ukumbini Bungoma, jaji alikuwa Mzee Makokha, aliyefanya kazi benki miaka mingi na kukusanya sarafu maisha yake yote. Alikwenda meza hadi meza na lenzi yake, bila pupa. Alipobakiza meza mbili, Nasro alimvuta Khisa mkono. Alimwonea aibu Khisa kuliko alivyomwogopa jaji.

"Khisa, nimekudanganya," alisema. "Tarakimu haikusomeka. Niliisugua ikafutika, kisha nikaandika tu."

Khisa hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliinama akaitazama ile shilingi inayong'aa.

"Hiyo ilikuwa ya kukhu," alisema.

Mzee Makokha akafika. Nasro aliitoa lebo. "Shikamoo, mzee. Hii lebo ni ya uongo. Niliiandika mimi, Khisa hakujua."

"Marahaba." Mzee aliikagua sarafu kwa lenzi. "Umeisugua kwa kitu gani?"

"Kwa jivu na ndimu, mzee. Na waya wa sufuria."

"Sufuria ikisuguliwa inakuwa safi. Sarafu ikisuguliwa inapoteza habari zake. Sasa hata mimi siwezi kuisoma." Aliwapa kalamu. "Andikeni mnachokijua."

Waliihamisha shilingi hiyo pembeni, wakaandika pamoja: "Ya kukhu wa Kiminini. Mwaka hausomeki kwa sababu tuliisugua." Chini ya shimo tupu wakaandika: "1967. Bado tunaitafuta."

Hawakupata nafasi ya kwanza wala ya pili. Wakati wa kufungasha, mama mmoja kutoka Kimilili alisimama mbele ya kadibodi yao, akasoma, akacheka kidogo.

"Mnatafuta ya sitini na saba? Mume wangu ana kopo zima la shilingi za zamani. Nitamwambia aangalie, nimpe mwalimu wenu habari."

Mzee Makokha alimsikia. Alimgeukia Nasro.

"Umeona? Ukiacha nafasi wazi, watu wanajua unatafuta nini na wanakusaidia. Ukiijaza kwa uongo, umewafungia wote mlango, na wewe mwenyewe umeacha kutafuta. Pupa ilikuharibia sarafu moja, binti yangu. Uongo ungeharibu mkusanyo wote, maana nani angeamini lebo zilizobaki?"

"Nimeelewa, mzee."

Khisa alikuwa ameazima simu ya Mwalimu Lenah. Alibonyeza namba, akasubiri iite, kisha akamnyoshea Nasro.

"Mwambie wewe."

Nasro aliipokea. Ikasikika sauti ya mwanamke mzee upande wa pili.

"Shikamoo, kukhu. Mimi ni Nasro. Ni kuhusu shilingi yako."