Kitita Chini ya Kiti

Kiti kilikuwa na joto. Baridi ya asubuhi ya Kaaga ilikuwa iking'ata masikio, basi la shule lilikuwa limelala nje usiku kucha, na bado kiti cha dereva kilikuwa na joto la kitu kilichoinuka sasa hivi. Thuranira akakikalia. Nani asingekaa? Dereva wa shule hana muda wa kuuliza kiti kilikaliwa na nani.

Kiti chenyewe kilikuwa kigeni humo. Wiki iliyopita alikuwa amesinzia kwenye usukani, akagonga ukingo wa daraja akiwa na watoto ishirini na wanane, na bintiye Kinya, wa gredi ya pili, akiwa nyuma yake kabisa. Mwalimu mkuu alimwambia akirudia tena asirudi kazini. Yeye hakuogopa kupoteza kazi. Aliota kila siku juu ya daraja lile, na Kinya kwenye maji. Basi akaenda kwa Kiunga, fundi wa Gakoromone anayenyofoa vipuri kwenye magari ya ajali, naye akamtolea kiti cha ngozi chenye mtambo wa kutetemesha mgongo.

"Hii haiwezi kukuacha ulale," Kiunga alisema. "Inakukanda mpaka kwa mifupa."

"Mwenyewe alienda wapi?"

"Thuranira, mimi nakuuzia kiti. Sikuuzii historia."

Asubuhi hiyo ya kwanza, akiwangoja watoto, usingizi ulimvamia kabla hajawasha mtambo. Akapapasa chini ya kiti akitafuta kitambaa cha kujifutia uso, mkono ukagusa kitita cha miraa kilichovikwa jani la mgomba, jani bichi kabisa. Huku Meru kitita cha namna hiyo si cha kuokota. Mtu akija kuomba mchumba, au msamaha, hukuletea kimefungwa hivyo hivyo, na ukikitafuna umekubali ombi lake. Mtoto wa miaka kumi anajua. Lakini usingizi hauna adabu. Thuranira alifungua, akatafuna chote. Kilikuwa kitamu, na chenye utelezi kidogo, utadhani kilikwisha kupita kwenye mdomo wa mwingine.

Usingizi ukakatika. Si huo tu: alianza kulihisi basi. Alijua upana wake bila kutazama vioo, kama mtu anavyojua mabega yake mlangoni. Changarawe zilimtekenya nyayo. Kwa siku tatu alitamba mbele ya walimu kwamba hakuna kona ya kumshinda. Ngoma ivumayo haidumu.

Siku ya nne, karibu na soko, tairi la mbele lilimkanyaga mbwa aliyekuwa amekufa tangu juzi. Thuranira akapiga yowe, kwa maana alimhisi, tumbo lililovimba likipasuka chini ya kisigino chake, matumbo yenye uvuguvugu yakipenya katikati ya vidole vyake, funza wakijisukuma chini ya kucha, na aliposimamisha basi akavua kiatu na soksi alikuta mguu mkavu, msafi, lakini unanuka, unanuka hata watoto wa mbele wakaziba pua.

"Baba, umekanyaga nini?" Kinya alinong'ona.

"Hakuna kitu. Kaa chini."

Akatapika dirishani. Katika matapishi mlikuwa na manyoya ya mbwa.

Tangu hapo kiti kikaanza kutoka jasho. Alishuka jioni shati limemganda mgongoni kwa mafuta yanayonuka ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani, na hayakuwa jasho lake. Alipozima mtambo, uliendelea kumkanda. Alihesabu vidole: sita kila upande. Kisha kitu chenye mate, kipana na chenye kukwaruza, kikampitia kisogoni polepole, na akaendesha hivyo hivyo, akilia kimya, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watoto.

Ijumaa, kwenye mteremko wa daraja, mguu wake wa kulia ulikanyaga pedali ya mafuta. Akauamuru uinuke, haukuinuka, akaupiga ngumi, hakusikia maumivu, akauona tu ukizidi kukanyaga kwa raha ya mtu aliyefika kwake, na ukingo wa daraja ulipojaa kwenye kioo aliachia usukani, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akaung'oa pale kama gogo, akavuta breki ya mkono. Basi lilisimama pembeni mwa maji. Watoto walidhani ni mchezo, wakashangilia.

Alipowashusha wengine wote, alikwenda moja kwa moja na Kinya mjini kwa Hodo, muuza ubani ambaye madereva humwendea wakishindwa na mafundi. Hodo alimshika kifundo cha mkono. Mara akakiachia, akajipangusa vidole kwa shuka.

"Iko mapigo mbili hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Moja inakimbia. Ingine inakula. Ulikula nini kwa hiyo gari?"

Akamweleza. Hodo akatema mate.

"Wewe Mmeru mzima! Mimi Msomali na hiyo naijua. Jini ameomba, wewe umekubali."

"Ameomba nini, mama?"

"Mwili."

Walikitoa kiti, wakakipeleka nyuma ya ua. Kinya aliambiwa abaki ndani ya basi asione. Hodo akafukiza ubani, akasoma, na Thuranira akashika kitita kipya kilichovikwa jani la mgomba, cha kurudisha ombi. Akakiweka juu ya kiti kwa mkono wake mwenyewe. "Chukua lako," alisema. "Nakataa." Ngozi ikapasuka. Ndani hamkuwa na sponji, mlikuwa na miraa iliyotafunwa, debe zima, imelowa mate na nywele, ikipanda na kushuka kama tumbo la aliyelala. Walipoitia moto ililia. Thuranira akainama, akatapika kitita alichokula siku ya kwanza, kingali kijani.

Hodo akamshika mkono tena. Pigo moja.

"Alhamdulillahi. Lakini chunga watu yako. Akikataliwa hapa, anaenda kuomba pale."

Jumatatu Thuranira alikalia kiti cha zamani. Kilikuwa baridi kama barafu, na aliipenda baridi hiyo karibu aibusu. Watoto walipanda, wakaimba. Kwenye mteremko tairi likapita juu ya panya aliyepondeka. Hakuhisi chochote. Akacheka peke yake.

Nyuma yake Kinya alikuwa anavua kiatu.

"Baba," alisema, akijikuna katikati ya vidole, uso umekunjamana, "huyo panya ameoza."

Harufu ikamfikia.

"Kinya. Umekula nini?"

"Ile shosho mmoja mzee alinipa. Mkichoma kiti. Alikuwa kwa basi, kiti ya nyuma." Akamwonyesha kipande cha jani la mgomba, kibichi, alichokihifadhi mfukoni. "Aliniomba vizuri, baba. Nikasema sawa."