Mikseri ya Macho ya Batu

Uvumi ulimufikia Adèle kwenye bomba la maji, asubuhi, ndoo yake ikiwa bado nusu. Sophie, yule mama jirani ambaye sadaka yake kanisani ni ndogo lakini habari zake ni nyingi, alimuinamia sikioni.

— Mama Adèle, mi siko mutu wa maneno. Mais banasema muzee wako anabakia mifupa tu. Banasema unamunyima chakula, unangojea afe, ile kiwanja yake ya Beni iuzishwe.

— Nani anasema?

— Batu.

— Batu gani?

— Aaa, mama! Batu njo batu. Uliisha kuona uvumi yenye kutembea na karte ya électeur, ile ya kupigia kura?

Sasa tuseme wazi, ninyi bamama munaosoma: uvumi ule ulikuwa uongo. Muzee Kitsa, baba mukwe wake Adèle, alifika Butembo kutoka Beni akiwa ameshikwa na ugonjwa wa kupooza upande mumoja. Kinywa kilipinda, koo likalegea. Munganga alimuambia Adèle maneno mepesi, hata mutoto angeyashika: chakula chote cha muzee kiwe laini kama krimu ya maziwa, pasipo punje hata moja, kwa sababu koo lake haliwezi tena kuchagua njia. Punje itapita upande wa pumzi, na muzee atakufa.

Adèle alifuata. Kila siku alitwanga viazi na maharagi kwenye kinu, akavipitisha kwenye kichungi, akamulisha muzee kwa kijiko uani, penye jua, kuku bakizunguka miguu yabo. Muzee alimeza, akacheka kwa upande ule mumoja uliobaki. Ni kweli alikonda. Kutwanga kunachosha, na siku ambazo mikono ya Adèle ilikataa, muzee alikunywa uji wa maji tu. Lakini kumunyima? Hapana.

Mutu mwenye akili angefanya nini na uvumi kama huo? Angeubwaga pale pale bombani, akabeba ndoo yake, akaenda kupika. Adèle hakuwa mutu huyo. Aliubeba uvumi pamoja na ndoo, akalala nao kitandani, akaamuka nao. Alipomulisha muzee, hakuangalia tena kinywa chake. Aliangalia lupango, ule uzio wa nyumba, kama kuna jicho linalochungulia.

Alimupigia simu mume wake Lusenge, baba ya mutoto wabo Muyisa, aliyekuwa Kasugho kununua maharagi na mafuta ya mawese.

— Mikono yangu imechoka, baba Muyisa. Ninatafuta mikseri, ile mashine ya umeme ya kusaga chakula.

— Nunua, alisema Lusenge. Hapana ya bei ya juu, mais isage kweli kweli. Na uende na Kavuo, yeye anajua.

Kavuo alikuwa dada ya Lusenge, mama anayekaa mutaa wa Vulamba, mwenye ulimi mukali na mufuko mukubwa. Alilea mapacha kwa mikseri ndogo, hakuna aliyesongwa.

Bakaenda dukani kwa Lukumani, mufanyabiashara wa Beni aliyefungua duka katikati ya Butembo. Mikseri zilizolingana na mufuko wabo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, nzito, rangi yake kama jino la muvuta tumbako. Chupa yake ilikuwa ya kioo kinene, imebanwa chini, na visu vyake vya chuma vilikaa karibu kabisa na kitako. Ilikuwa na kibonyezo kimoja tu. Ya pili ilikuwa ndefu, ya rangi ya dhahabu, ina vibonyezo kama akordeoni, na chupa ya plastiki pana kama beseni. Ukiiwasha, taa ya bluu inazunguka chini yake.

Kavuo alifungua mufuko wake, akatoa maharagi ya kupikwa ndani ya sasheti.

— Mulamu! Adèle akanong'ona. Unaleta maharagi mu duka ya batu? Unanipatisha haya.

— Haya gani? Kiatu unaijaribisha. Kitenge unaifungua, unaivuta. Sasa hii yenye itamulisha baba, tuinunue juu ya sura?

Lukumani alicheka mpaka kofia yake ikasogea.

— Leta, mama. Na munyu, umetia?

Maharagi yakaingia kwanza kwenye ile fupi, na maji kidogo. Ilinguruma kama nguruwe, haikuwa na adabu hata kidogo. Ilipozimwa, Kavuo aliingiza kijiko, akakigeuza: yakatiririka kama krimu. Akalamba. Hakuna ngozi, hakuna punje.

Ikaja zamu ya ile ya dhahabu. Taa ilizunguka. Sauti ilikuwa tamu, karibu ya wimbo. Maharagi yalipanda kwenye kuta za chupa, yakashika pale juu, yakaangalia visu vikizungusha upepo. Kavuo aliyasukuma chini kwa kijiko, yakapanda tena. Mwishowe ilitoka supu ya ngozi na mapande.

— Umeona, mulamu?

— Ni mupya, alisema Adèle. Haijazoea.

Haijazoea! Kama kwamba mikseri ni mutoto wa shule ya kwanza. Lakini Kavuo hakuachia.

— Itazoea na koo ya nani?

— Inaandikwa nguvu mingi ku karton. Angalia.

— Karton njo itasaga?

— Mulamu, bamama ba shirika ya kanisa banakuja kumuona baba siku ya Mungu. Sophie atakuwa pale. Unapenda niweke ile kitu mbele yabo? Inafanana na jiwe ya kusagia ya bibi yangu! Batasema, njo vile, anamulisha muzee na takataka.

Lukumani alikuna ndevu.

— Mama, mi ninauzisha zote mbili. Ile fupi njo bei ya chini, vilevile chupa yake na mupira yake ya kuzuia maji ninabakia nazo hapa, siku zinavunjika unarudi. Ile ya taa batu bananunuaka juu ya kupeleka ku arusi. Sijaona mutu mwenye kurudia kununua ya pili.

Akanunua ya dhahabu. Kuna batu bananunua sufuria kwa ajili ya mufuniko, na Adèle alikuwa mukubwa wabo. Njia yote ya kurudi alishika ile karton kifuani, picha ikiangalia barabara, batu basome.

Kwa siku zilizobaki mbele ya siku ya Mungu, ile mashine haikusaga kitu. Ilikaa salon, juu ya kitambaa cha kushona, ndani ya kabati ya kioo, katikati ya sahani zisizotumiwa. Na muzee? Muzee alikunywa uji wa maji. Kinu kilikuwa uani, Adèle akakiona aibu: mwenye mikseri ya dhahabu atatwangaje tena kama mutu wa shamba? Munasikia, bamama? Mashine ilinunuliwa ili muzee ale, na tangu ilipoingia nyumbani, muzee alikula kidogo kuliko mbele.

Siku ya Mungu, nyuma ya Misa, bamama ba shirika balijaza salon. Balileta samaki wa Kyavinyonge, bakubwa, bado na harufu ya ziwa. Muzee Kitsa alitolewa chumbani, akavishwa koti, akawekwa kwenye kiti cha mikono kama sanamu ya Yozefu Mutakatifu. Adèle alikuwa amepika ndizi na samaki. Miiba alitoa yote kwa mukono, tumupe haki yake. Akashusha mikseri kutoka kabatini mbele ya macho yote, akaitia ndizi nzito mpaka juu, na supu kijiko kimoja, kwa sababu supu nyingi ingechafua ile chupa nzuri.

— Wee! alisema Sophie, simu yake mukononi. Hii njo ya Dubaï? Washa tuone, mama Adèle. Ngoja, nipige picha.

Taa ya bluu ikazunguka. Bamama bakapiga vigelegele, kwa ndizi! Kavuo alikuwa amekaa karibu na mulango. Alisimama.

— Mulamu, mapande ninayaona toka hapa. Pitisha mu kichungi.

— Kichungi ni ya batu ba kinu.

— Adèle. Pitisha mu kichungi.

— Kila siku unanifundisha! Hapa ni kwangu ao ni kwako?

Bamama balicheka kidogo, kile kicheko cha kupenda vita ya batu bengine. Adèle akajaza kijiko, akakipeleka kinywani mwa muzee. Muzee Kitsa aliangalia kile kijiko. Akafunga kinywa. Akasukuma mukono wa Adèle pole pole.

Alijua. Koo lilikuwa lake.

Na Adèle, mama mubatizwa, aliyelea batoto batatu, alisema nini?

— Kula, baba. Bamama banaangalia.

Muzee alikuwa mutu wa heshima. Hakupenda kumupatisha mukamwana haya mbele ya wageni. Akafungua kinywa.

Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilikwama. Macho yake yalitoka, mukono ule wenye nguvu ukashika koo, sauti haikutoka tena, hata kukohoa. Sophie alikuwa bado ameinua simu. Kavuo alipita juu ya miguu ya batu, akamuinamisha muzee mbele, akamupiga kwa kiganja katikati ya mabega, akapiga tena kwa nguvu, akapiga tena. Pande la ndizi likaruka juu ya zulia. Muzee akavuta pumzi kwa sauti ya musumeno.

— Pikipiki! Kavuo akalia. Batu ba Mungu, muite motari!

Bamama balitoka mbio. Bengine balikimbilia motari, bengine balikimbilia nyumba zabo na habari ikiwa bado moto.

Hospitalini bakakuta kwamba chakula kingine kilishashuka kwenye mapafu. Homa ikamushika muzee, kifua kikachemka kama sufuria. Munganga alimuangalia Adèle.

— Mulimupa chakula gani?

— Ya laini, docteur. Ya mikseri.

— Nani alimulisha?

— Mashine njo ya mubaya, docteur. Banatuuzisha vitu vya bure.

— Mashine haina mukono, mama.

Lusenge alipanda kutoka Kasugho, barabara ya matope, akafika nguo zikiwa na udongo mpaka kifuani. Kwa neema ya Mungu homa ilishuka. Siku ya kutoka hospitali, muzee alirudishwa kwanza kwa Adèle, jamaa bakakaa kuzunguka kitanda. Adèle alianza tena wimbo wake: karton ilidanganya, Lukumani alimuibia.

— Mulijaribisha mashine mbele ya kununua? Lusenge akauliza.

— Ilijaribishwa, alijibu Kavuo. Na maharagi yangu. Alionaka na macho yake ile inasaga na ile haisage.

Lusenge alimugeukia muke wake.

— Na ukachukua ile haisage?

— Baba Muyisa, bale bamama...

— Bale bamama banakulaka mu kinywa ya baba?

Muzee Kitsa aliinua mukono bamunyamazie. Maneno yake yalitoka moja moja, yakipita kwenye kile kinywa kilichopinda.

— Mukamwana. Uliniogesha. Ulinitwangia. Sisahau. Mais koo yangu inaogopa mukono yako. Nitakula kwa Kavuo.

Hakuna aliyepinga. Mutu akisema anaogopa kijiko chako, utamushinda kwa hukumu gani?

Kavuo alikuja na motari muzuri, mwenye kwenda pole. Muzee akawekwa katikati, Kavuo nyuma akimushika kwa mikono yote miwili, blanketi imefungwa kiunoni. Lusenge alifuata na pikipiki nyingine, amebeba nguo za baba yake. Majirani balikuwa bamesimama barabarani. Adèle alitoka mbio kwenye lupango, akashika mukono wa koti ya muzee, akalia machozi, machozi ya kweli, na akasema hivi:

— Baba, batu batasema nini bakiona unatoka kwangu?

Hata siku ile. Hakuuliza: baba, kwa Kavuo utapata nini cha kumeza leo? Hakusema: baba, unisamehe. Muzee aliondoa koti yake mukononi mwa Adèle pole pole, vilevile alivyosukuma kijiko. Motari akawasha, bakashuka kwenda Vulamba.

FUNDISHO

Bamama, na ninyi bababa munaowapa bamama pesa na kwenda zenu Kasugho: uvumi hauna tumbo, mugonjwa ndiye mwenye tumbo. Ukipikia uvumi, mugonjwa atalala njaa, na uvumi hautashiba. Kitu cha nyumbani kinunuliwe kwa kazi yake, na mwenye kukihitaji awe wa kwanza kukumbukwa dukani. Mikseri ya bei ndogo inaweza kusaga vizuri kuliko ya bei kubwa, lakini lazima uiulize kwa maharagi, usiiulize kwa macho. Na mutu akikuonya mbele ya batu, meza haya yako. Haya haisonge mutu.

Mambo ya kuepuka:

— Kununua mikseri kwa rangi, taa ao wingi wa vibonyezo.

— Kuamini nguvu iliyoandikwa kwenye karton, bila kuona mashine ikisaga kitu kigumu mbele yako.

— Chupa pana chini, ambamo chakula kinapanda ukutani na kukimbia visu. Na visu vyepesi kama kifuniko cha bati.

— Mashine ambayo chupa yake na mupira wake havipatikani sokoni kwenu.

— Mashine inayotaka umeme mwingi kuliko ule wa nyumba yako.

— Kuijaza mpaka juu. Kuitia chakula kikavu bila maji ao supu, ao mapande makubwa yasiyokatwa.

— Kutupa kichungi kwa sababu umenunua mashine.

— Kuificha kabatini mugonjwa akiwa na njaa.

— Kumulisha mugonjwa mbele ya wageni.

— Kusukumia kijiko mutu aliyefunga kinywa.