Nafasi Tisa Tupu

Teke la kwanza lilivunja komeo. La pili likaangusha mlango wa stoo.

"Laleni chini. Mikono niione."

Wanaume wawili waliokuwa wakipanga maboksi wakalala kifudifudi. Jasusi aliyeitwa Kiwembe akapita katikati yao, Glock 19 mkononi, akapasua boksi la kwanza. Vichupa vya dawa ya usingizi, ile wanayochomwa wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Nje lebo safi. Ndani sumu. Wiki iliyopita watu wanne walichomwa dawa hiyo. Hawakuamka.

Redio ya Motorola ikakoroma begani.

"Kiwembe, toa ripoti."

"Zahanati ya saba tayari."

"Saba kati ya saba. Kazi imekwisha. Rudini ofisini mnywe chai."

Sauti ilikuwa ya naibu mkuu wa operesheni, mume wa dada yake. Kiwembe ndiye aliyemwombea kazi idarani miaka sita nyuma.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Kiwembe akawaachia wenzake wale wawili, akarudi kwenye Land Cruiser. Karani wa forodha alikuwa amejikunyata kiti cha nyuma, ndani ya fulana ya kuzuia risasi iliyomzidi mwili. Yeye ndiye aliyenakili kwa siri orodha ya wapokeaji wa mzigo ule. Kiwembe akafungua laptop aweke alama ya mwisho. Jedwali lilikuwa la maandishi matupu, lisilo na urembo: majina huku, idadi ya maboksi kule, vijiti vya wima vikitenganisha safu.

Akaweka alama. Kidole kikasimama.

Safu ya majina ilikuwa pana mno.

"Karani, jedwali hili ulilipanga kwa mkono?"

"Ningepata wapi muda, dada? Karatasi zao nilikaa nazo dakika mbili, roho mkononi. Naandika jina, napiga kijiti, naandika namba. Nikibonyeza kitufe cha Tab, programu inapanga yenyewe."

"Inajuaje upana wa safu?"

"Inatafuta jina refu kuliko yote, inanyoosha mengine yalingane nalo."

"Na mwisho wa jina hilo inaacha nafasi ngapi?"

"Moja tu, kisha kijiti."

Jina refu kuliko yote lilikuwa Zahanati ya Stesheni. Herufi ishirini, ukihesabu na nafasi za katikati. Baada yake palikuwa na ile nafasi moja ya kawaida.

Na nyingine tisa tupu.

"Kuna mstari umefutwa," Kiwembe akasema. "Aliyeufuta alitumia programu nyingine isiyopanga safu upya, simu labda. Jina limeondoka, upana wake umebaki."

Karani akainamia skrini. "Majina siyakumbuki. Lakini mistari ilikuwa minane. Nilidhani mmoja mlishaumaliza jana."

"Orodha ulimtumia nani?"

"Naibu peke yake. Akaniamuru nifute nakala yangu."

Kiwembe akaitazama redio begani. Mtu aliyembebea watoto wake mgongoni. Mtu aliyekula mezani kwake Jumapili iliyopita, akaomba aongezewe.

Akazima redio.

Orodha ya hospitali zote za mji ilikuwemo kwenye laptop. Akaiamuru imtolee majina yenye herufi ishirini na tisa.

Likatoka moja.

Hospitali ya Wazazi na Watoto.

Akapiga simu chumba cha upasuaji. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikakata.

"Funga mkanda," akamwambia karani.

Dakika kumi na moja baadaye gari lilipasua geti la nyuma la hospitali. Gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama mlangoni, nyuma wazi, tupu. Dereva wake akachomoa bastola. Kiwembe alimtungua bega kabla hajanyoosha mkono, akamruka.

Korido. Ngazi. Mlango wenye taa nyekundu.

Msichana wa miaka kama mitano alikuwa amelala mezani, akimhesabia daktari vidole vyake mwenyewe. Muuguzi alishavuta dawa.

"Sista, weka sindano chini."

"Wewe nani? Huku haturuhusu viatu."

"Weka chini. Hiyo siyo dawa. Imewaua wanne."

Muuguzi akatazama sindano. Akaiweka kwenye trei polepole, kisha akakaa sakafuni. Maboksi matano yalikuwa ukutani. Moja tu lilikuwa limefunguliwa.

Kiwembe alimkuta naibu kwenye ngazi za nyuma akishuka mbiombio, simu sikioni. Alikuja mwenyewe kuhakikisha mzigo umepokewa.

"Shemeji," akasema, akijaribu kutabasamu. "Tulizungumze hili kifamilia."

"Ulijua humo ndani wanapasuliwa watoto."

"Yalikuwa maboksi matano tu. Wenye mzigo waliniomba niwaachie hayo matano, basi."

"Matano tu."

Glock ilikuwa inamtazama katikati ya macho. Kidole kilitaka. Mungu anajua jinsi kilivyotaka. Kiwembe akapumua mara moja, mara mbili, kisha akamgeuza, akambamiza ukutani na kumfunga pingu. Akazibana zaidi ya ilivyohitajika.

"Dada yako utamwambia nini?" naibu akauliza, shavu likiwa limebanwa ukutani. "Mjasiri wewe. Utamwambia nini?"

"Jina la kila aliyekufa. Nitaanza na hayo."

Akawasha redio, akamwita mkuu mwenyewe.

"Nane kati ya nane. Yupo na wa kwetu. Njooni mumchukue."

"Wa kwetu nani?"

"Mtamwona."

Alimwacha amefungwa kwenye nguzo ya ngazi, karani, aliyekuwa ameshuka garini, akimlinda kwa macho ya hasira. Akavaa miwani ya jua, akatembea kuelekea kwenye gari bila haraka, akapiga simu.

"Dada, uko nyumbani? Zima jiko, kaa. Nakuja kwako. Na mtu wa ofisini akibisha hodi kabla yangu, usimfungulie. Habari niliyo nayo uisikie kwangu kwanza."