Mashine Namba Mbili

Kila asubuhi Justina alimpikia mumewe michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, kisha Mayige akapanda baiskeli kwenda kiwandani. Ulikuwa msimu wa pili tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kuchambua pamba. Hapa Bariadi kilifunguliwa kiwanda kipya, na Mayige alikuwa kibarua wa mashine namba mbili.

Siku moja rola ilimnasa mkono wa kulia. Alipoteza vidole vitatu.

Kidonda hakijakauka, kaya nzima ilikuwa imeshampata mkosaji. Ni Salu, shangazi yake Mayige, mjane aliyeishi peke yake nyumba ya jirani. Wiki ileile alikuwa amemwambia Mayige kwamba kazi hiyo itamtoa roho. Maneno hayo yakawa ushahidi kwamba amemroga. Watoto wakakatazwa kula kwake. Ndugu za Mayige wakaanza kusema afukuzwe, arudi Lalago alikoolewa. Sisi binadamu tuna haraka mno ya kumshuku mtu wa karibu.

Kisha akaja Marcelo, msimamizi wa kiwanda, na pole ya mtamba mzima. Alikunywa maziwa. Akasema mashine haina macho ya kuchagua mtu, kwa hiyo wenyewe watazame nyumbani kwao. Halafu akatoa karatasi. Mayige aweke dole gumba tu, mambo yaishe kindugu. Na kwetu ng'ombe akishapokelewa, kesi imekwisha.

Justina alimtazama kwa jicho la pembeni. Kiwanda ambacho hakijawahi kutoa hata kipande cha sabuni, leo kinatoa mtamba? Na habari za Shangazi kampa nani?

"Karatasi ibaki," alisema. "Baba watoto bado ana homa."

Marcelo hakupenda. Alisema atarudi Jumamosi, na wasimpe mtu mwingine aisome. Hapo Justina akazidi kuingiwa na wasiwasi.

Kesho yake walikwenda hospitali kubadilisha bendeji. Karatasi Justina aliifunga kwenye pindo la khanga. Muuguzi Lukresia aliisoma taratibu. Iliandikwa kwamba Mayige ameumia kwa uzembe wake, na hana dai lolote. Justina akamweleza na habari za Shangazi.

"Mayu, huyo shangazi amewahi kufika kiwandani?" Lukresia aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hajawahi."

"Msimu huu nimefunga vidonda vya watu watatu. Wote mkono wa kulia, wote mashine namba mbili. Mmoja ni mtu wa kule Kimali, shangazi yenu hamjui kabisa."

Mayige aliinamisha kichwa. Kwa sauti ndogo akasema rola ilikuwa na kava la chuma. Marcelo aliamuru litolewe ili pamba ipite haraka. Aliyelibeba hadi stoo ni yeye mwenyewe, Mayige. Justina aliona aibu, akaona na hasira.

Lukresia aliwaeleza sheria. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri anawajibika kumlipa fidia, hata kama ni kibarua. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa taarifa kwa Afisa Kazi.

"Akinyamaza, nendeni wenyewe, msikawie," alisema. "Daktari atajaza fomu ya ulemavu. Andikeni majina ya walioona. Na makubaliano ya fidia hupita kwa Afisa Kazi, hayaishii uani kwenu."

Jumamosi walimrudisha mtamba, na karatasi haina alama ya dole. Marcelo alisema wamerogwa hadi akili. Mayige na yule mtu wa Kimali wakapanda basi hadi Shinyanga, kwa Afisa Kazi. Mwenye kiwanda aliitwa. Alibisha sana, lakini msimu haujaisha alilipa fidia mbele ya Afisa. Kava nalo likafungwa tena kwenye mashine.

Lakini jambo gumu kuliko safari ya Shinyanga Mayige alikuwa amelifanya mapema, jioni ileile ya kutoka hospitali. Aliingia kwa Shangazi Salu, akakaa chini.

"Shangazi, nilijua kava limetolewa," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza, nikawaacha wakuseme."

Salu alisogeza kuni chini ya sufuria.

"Nilidhani unaniogopa mimi," alisema. "Kumbe ulikuwa unamwogopa Marcelo."

Hakusema amesamehe. Aliinuka, akaongeza unga kwenye sufuria, akamwambia awaite watoto waje kula.