Boksi la Simu Nililowekea Ugoro

Kila asubuhi nikishafungua zizi, nilipanda kichuguu nyuma ya nyumba. Nilinyoosha simu juu. Majirani wa hapa Kishapu walinicheka.

"Maduhu anamsalimia Mungu!" walisema.

Mimi nilikuwa natafuta mtandao.

Simu hiyo aliinunua marehemu mke wangu, Mbuke. Tulikwenda Nyasubi, kule Kahama, kumwona binti yetu Vumilia. Mbuke alikuwa ameuza mbuzi wake wawili. Akaingia duka la kampuni ya simu, akachagua. Kule mtandao ulijaa. Tulipofika kijijini, ukakauka. Nikaweka laini ya kampuni nyingine, ile ambayo mnara wake tunauona kwa macho. Simu ikaikataa. Ilikuwa imefungwa. Inakubali laini ya kampuni iliyoiuza, basi.

Dukani hawakutuambia. Wakubwa ndivyo walivyo. Hata Mbuke alipougua, tuliambiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Nani aliulizwa? Hakuna. Sasa ni miezi mitano tangu nimzike.

Kilichobaki ni sauti yake ndani ya simu. Alijirekodi akiwa kitandani. Alimwachia maneno Vumilia, aliyekuwa na mimba changa.

"Ayasikie siku akijifungua," aliniambia. "Si kabla."

Mimba ikafika mwezi wa tisa. Je, nisipokuwa juu ya kichuguu, angenipataje kwa simu?

Siku ya gulio nilipeleka simu Mhunze, kwa fundi anayeitwa Fredy.

"Hii dakika kumi tu, mzee," alisema. "Naiflashi, inakubali laini zote. Na huu mdomo wa chaji umelegea, nautengeneza humo humo."

Akachukua bisibisi.

"Fredy, acha kwanza!" Aliyesema ni Mwahija, mama anayesajili laini kwenye meza ya jirani, tunafahamiana tangu zamani. "Umemwambia mzee kwamba ukiflashi, vyote vinafutika?"

"Kwani ana nini humu? Picha za ng'ombe?"

Niliikamata simu kwa mikono miwili. "Mke wangu yumo humu," nilisema.

Fredy aliweka bisibisi chini. Hakucheka tena.

"Shikamoo, Baba Vumilia," alisema Mwahija. "Njoo ukae hapa. Simu ina muda gani?"

"Marahaba. Miezi tisa."

"Waranti unaijua?"

"Naisikia tu."

"Ni ahadi ya muuzaji. Simu ikiharibika yenyewe ndani ya muda walioandika, wanaitengeneza bure. Lakini fundi wa nje akiifungua au akiiflashi, wanaweza kukataa. Watasema umeiharibu wewe."

Nilikasirika. "Nikinunua ng'ombe mnadani, naweka chapa yangu. Aliyeniuzia haniulizi kitu. Hawa wananiuzia simu, halafu kamba wanabaki nayo!"

"Kulalamika ni haki yako, baba. Lakini hiyo kamba ina masharti, na yameandikwa. Risiti na kadi ya waranti viko wapi?"

"Ndani ya boksi lake."

"Boksi liko wapi?"

"Nyumbani. Nimeliwekea ugoro."

Fredy alicheka mpaka akashika meza. Mwahija hakucheka. "Nenda ukalilete," alisema.

Nilirudi nalo mchana. Chini ya ugoro kulikuwa na karatasi mbili. Mwahija alizikung'uta, akapiga chafya, akasoma. Herufi zilikuwa ndogo kama chawa.

"Sikiliza. Waranti ni mwaka mmoja. Na hapa wanasema, baada ya miezi sita, mteja akiomba, watamfungulia simu itumie laini zote. Bila malipo."

"Kumbe miezi mitatu nimepanda kichuguu bure! Wametuficha hawa!"

"Wameandika kidogo, kweli. Na wewe ukamwagia ugoro juu yake." Alinitazama. "Kila kampuni ina masharti yake. Siku nyingine, kabla hujatoa hela, uliza. Inakubali laini zote? Waranti ni ya muda gani? Kama herufi zinakushinda, mwambie muuzaji akusomee. Si aibu."

Kisha akainakili sauti ya Mbuke kwenye memori kadi mbili. Moja aliitoa Fredy. Hakutaka hela.

Kesho yake nilikwenda duka la kampuni mjini Shinyanga, nikaomba wanifungulie simu.

"Hiyo haiwezekani, mzee," alisema kijana wa kaunta.

Niliweka karatasi mbele yake. Nikaweka kidole kwenye mstari ambao Mwahija aliutia wino. Akasoma. Akapiga chafya. Akaenda kumwita mkubwa wake. Saa nane mchana simu ilikuwa imefunguliwa, na mdomo wa chaji umewekwa mwingine, bure. Hakuna aliyeniomba radhi. Sikuwa nimetegemea.

Juma lililofuata simu iliita nikiwa zizini, nakamua.

"Baba, ni msichana," alisema Vumilia. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Tuko salama."

"Usikate," nilimwambia.

Nilikimbia ndani. Nikachomeka memori kadi kwenye redio, nikasogeza simu karibu. Mbuke akaanza kusema, polepole, kama anavyosema mtu anayepepeta mtama.

"Mayu, mwanangu, pole na kazi. Kunywa uji kwanza, mengine baadaye. Mtoto mpe jina unalolipenda wewe. Na baba yako, najua hiyo simu ameshaipaka ugoro. Mwambie aifute."

Vumilia alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia," nilisema. Nikaifuta simu kwa shati langu.