Kibuyu cha Mzee Mutalemwa

Jumamosi ile gati la mji ule mdogo ng'ambo ya Busisi lilifurika wageni. Walikuja kupiga kasia ziwani, kupanda majabali, kisha kuonja pombe kali ya ndizi kiwandani. Kokulinda, nesi wa Mkolani, gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe, alikuwa akihangaika na jaketi la kujiokolea.

"Dada, umelivaa kinyume," alicheka Masele, muongoza watalii.

"Na wewe kaka unacheka tu, badala ya kunisaidia!"

Basi, mambo yakaanzia hapo. Simu kila jioni.

"Mpenzi, umekula?"

"Nitashibaje bila wewe, Koku?"

Mapenzi jamani!

Ila kila kundi alilolitembeza Masele, alionja nalo pombe hiyo. Siku alipopindua mtumbwi wa wageni kwa ulevi, nusura mtu azame, Kokulinda alimwambia wazi: "Chagua. Mimi au chupa." Masele akaacha. Alitetemeka, akatokwa jasho, akalia usiku kama mtoto, lakini hakugusa tone. Mvua zikaja, zikapita.

Ikafika siku ya kujitambulisha, Buhongwa, kwa mzee Mutalemwa, baba yake Kokulinda, Mhaya asiye na mchezo na mila. Mzee alipiga funda la rubisi, pombe ya ndizi ya Kihaya, akamnyooshea Masele kibuyu.

"Samahani baba, mimi naomba soda."

"Soda? Mkwe anakataa rubisi yangu, ndani ya nyumba yangu?"

Masele akamtazama Kokulinda. Neno moja tu lingemwokoa, lakini Kokulinda alikuwa amewaapia wazazi kwamba mchumba wake hajawahi kunywa vibaya. Akaona aibu kuumbuka. Kokulinda akapiga magoti, akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akamsogezea Masele.

"Kidogo tu, mpenzi. Kwa ajili yangu."

Masele akanywa. Vigelegele vikapigwa.

Kabla ya harusi simu ya Masele ikawa haipokelewi. Kokulinda alimkuta nyuma ya kiwanda, kalala kwenye jabali, shati limechafuka, ananuka.

"Masele, uliniahidi!"

"Niliahidi, nikatimiza. Wewe ndiye uliyeninywesha, Koku."

Kokulinda alilia.

"Twende nyumbani, uanze upya. Nitakuuguza."

"Nguvu niliyokuwa nayo ilikuwa ile moja tu, mama. Imekwisha. Nenda."

Gatini wageni walikuwa wanacheka, wanafungiana majaketi. Simu ikaita. Baba.

"Mwanangu, mkwe wangu hajambo? Mwambie rubisi ya harusi nimeanza kuikamua."

Kokulinda akafuta machozi.

"Hajambo, baba," akajibu.